Fisi Asiye na Maji

Usiku wa kuamkia leo niliota nipo kazini, kwenye bustani ya wanyama, na bwawa la Mboni limekauka.

Mboni ni fisi maji, yule mla samaki wa mtoni, wala si fisi wa nchi kavu. Wavuvi walimtoa kwenye wavu akiwa mchanga, wakatuletea, na tangu hapo mimi ndiye ninayemlisha. Leo saa nne asubuhi gari linakuja kumchukua, akaachiwe mtoni. Kibali chake nilikijaza mwenyewe jana, nikarudi nacho nyumbani.

"Maji yameenda wapi?" naliuliza bomba.

"Soma kibali," bomba linajibu.

Nasoma. Penye aina ya mnyama nimeandika Fisi, basi. Kisanduku kilikuwa kidogo, nikasema wataelewa.

Mboni amekaa vumbini, mbele yake wamemwekea mfupa wa mbuzi. Ngozi imeanza kumkakamaa kama kiatu kilichosahauliwa juani.

"Mlishi, wananitaka nicheke," ananiambia. "Nimeshajaribu mara tatu."

Anacheka tena, kwa adabu. Bomba linatikisa kichwa.

Nafungua mlango wa ofisi, natumbukia mtoni. Meza ya Bi Nyangeta, karani wetu, ipo juu ya jiwe katikati ya mkondo, naye anakunywa chai.

"Shikamoo, Bi Nyangeta. Naomba uniongezee neno moja tu kwenye kibali."

"Marahaba, mwanangu. Neno gani?"

Nafungua kinywa. Neno halipo. Nimesimama ndani yake mpaka kiunoni na silikumbuki.

"Lile la kunywa," nasema.

"Chai?"

"Hapana, Bi. La kuogea."

"Sabuni?"

Muhuri uliopo mezani unakohoa.

"Saa nne ikigonga, nami nagonga," unasema. "Fisi anapelekwa kwa fisi wenzake, nchi kavu. Watamtafuna, lakini hilo halina kisanduku."

Pembeni ya meza anaibuka fisi maji wa mtoni, mama mtu mzima, kaa mkononi.

"Huyo mnayetuletea ni nani?"

"Ni ndugu yenu," nasema.

"Karatasi inasema fisi. Mimi nina watoto, baba."

"Lakini hata wewe ni fisi..." Nakwama palepale.

"Mimi sijaandikwa popote," anasema. "Ndiyo maana bado naogelea." Anazama na kaa wake.

Saa ya ukutani inaelea kuja kwetu. Inaonyesha saa nne kasoro dakika moja. Muhuri unajinyanyua. Naogopa vibaya, maana najua kinachomuua Mboni ni uvivu wangu na si kingine.

Mboni ananivuta suruali. Sijui amefikaje.

"Mlishi, nipe hicho kibali."

"Wewe hujui kuandika."

"Wewe unajua," anasema, "na ona tulipofika."

Nampa.

Nikaamka koo limekauka. Ilikuwa saa moja kasorobo. Kibali kilikuwa pale pale juu ya meza nilipokiacha jana, na mbele ya neno Fisi palikuwa na alama mbichi ya kiganja kidogo, vidole vitano vinene visivyo na kucha, kama vya Mboni. Nikaigusa. Yalikuwa maji.

Nikachukua kalamu, nikaliandika neno hilo juu yake kabla hayajakauka.