Taharizi ya Kushoto

Mdogo wangu Torborg alikufa mwezi wa pili, na gauni lake likabaki limekatwa bila kushonwa. Vipande vyote vilikuwa ndani ya foronya: kifua, mgongo, mikono, vikwapa, na taharizi, zile pembetatu zinazotiwa ubavuni ili pindo lipanuke. Ilikuwa sufu nyekundu aliyoitia rangi mwenyewe kwa mizizi, katika sufuria ambayo baadaye hatukuweza kupikia tena.

Binti yake, Ylva, aliniambia atalivaa kwenye tamasha la Agosti, tunapovaa mavazi ya miaka mia saba iliyopita na kupita langoni pa ukuta wa kale wa Visby, mji wetu wa kisiwani. Aliniomba nilishone. Nikasema sawa. Siku hizo nilisema sawa kwa kila kitu.

Nilishonea ukumbini mwa parokia, kundi letu la washona mavazi ya kale linapokutana Alhamisi. Kwa mkono, uzi wa kitani uliopakwa nta. Botvid, fundi wa meli mstaafu anayejishonea soksi ndefu za kubana zinazofika kiunoni, alikaa mbele yangu kama kawaida.

"Ragnhild, kwa mwendo huo hiyo nguo itakuwa ya kale kwelikweli."

"Wewe shona vizuri hizo soksi zako. Mwaka jana makalio yalichungulia."

"Yalichungulia kwa heshima, dada."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, mdomo tu.

Nilipomaliza kuunga taharizi za ubavuni, nililiinua gauni dirishani nilikague. Ya kulia ilikuwa nyekundu ya kung'aa. Ya kushoto ilikuwa imeiva zaidi, kama imelowa. Nikapitisha kiganja. Sufu ina vinyweleo vinavyolala upande mmoja, na sisi hukata kila kipande vinyweleo vikielekea pindoni. Hapa vilikuwa vinapanda kwapani.

"Umeishona kinyume?" Botvid aliuliza.

"Imekatwa kinyume."

"Nani kaikata?"

Nikamsogezea gauni. Akaipapasa mwenyewe, akaacha mzaha.

Hilo ni kosa la wageni. Wanabania kitambaa, wanazikata pembetatu kichwa kwa mkia, basi moja inatoka imeinuka vinyweleo, na huwezi hata kuigeuza, maana upana utakwenda juu. Aliyekuwa akiwafundisha wageni jambo hilo ni Torborg. Aliwafumulisha bila huruma.

Gauni hili alilikata Oktoba, kwenye meza ileile, akinisimulia habari za paka wa jirani. Uvimbe kichwani mwake uligunduliwa Desemba. Sote tulidhani alianza kuumwa Desemba.

Kitambaa kilichobaki kilitosha taharizi nyingine. Ylva alipokuja kunichukua, nilikuwa nimeshakitandika na mkasi uko mkononi.

"Mama mkubwa, nilidhani umebakiza pindo tu."

"Hii iko kinyume. Nakata nyingine."

"Nani aliikata hiyo?"

"Mama yako."

Akapapasa kushuka, akapapasa kupanda. Amekulia chini ya meza zetu, hakuhitaji kuelezwa.

"Mama huyu huyu?"

"Alikuwa ameshaanza kuumwa. Hatukujua."

Akaondoa kiganja. "Basi iache."

"Ylva, kila mtu wa kazi hii ataiona. Mama yako angeifumua kabla hajala."

"Mama yupi? Yule wa kuwafumulisha watu ni wako. Mimi niliyemuuguza alikuwa ananiuliza jina langu."

"Sitaki wamwone hivyo."

"Najua. Unataka kumshona awe mzima."

"Mwanangu, taratibu," Botvid alisema.

"Wewe babu shona soksi zako."

Akainama juu ya soksi zake.

Nilijua ninachotaka: Ylva apite na watu waseme mkono wa Torborg haukuwahi kukosea. Nilikijua kama mtu anavyoijua anwani yake mwenyewe. Lakini nilipotafuta hasira ya kukipigania sikuiona, na machozi pia sikuyaona. Nikakunja kitambaa. Nikatunga uzi, nikaanza pindo.

Agosti Ylva akalivaa. Lilimkaa vizuri begani. Langoni mwanamke mmoja wa kundi la bara akamgusa ubavu.

"Mdogo wangu, taharizi yako imeinuka vinyweleo. Nani kakukatia?"

"Mama yangu," Ylva alisema. "Alikuwa mgonjwa."

"Ooh. Pole." Mwanamke akailaza kwa kiganja, kama mtu anavyolaza nywele za mtoto. Ikasimama tena.

Nilitembea nyuma yao na chupa ya kahawa. Wengine nao waliitazama, nikawaona wakiitazama. Nilingoja iniume, haikuniuma. Tulipofika uwanjani Botvid alikuwa ameshashika foleni ya chapati za zafarani, akanipungia mkono akiuliza kama nataka na jamu. Nikamwambia ndiyo.