Hatua Ishirini Nyuma ya Mama Mkwe

Pikipiki ilikata mnyororo mahali pasipo na nyumba wala kivuli, mwendo mrefu baada ya Haneti, na Lameck, dereva wa bodaboda, akaniambia bila haya kwamba mnyororo ule ulikuwa unamsumbua tangu Jumanne. Nikamwuliza kwa nini basi alinipakia.

"Ungepanda ya nani, mtani? Leo mnada, wote wamebeba mbuzi."

Mimi ni Mhehe wa Iringa, yeye Mgogo. Kwa utani wa makabila yetu sikuwa na haki ya kukasirika. Nilikasirika hivyo hivyo.

Nilikuwa nakwenda kumrudisha mke wangu. Wiki tatu kabla, Priska aliondoka Dodoma mjini kwenda kumzika mjomba wake, mzee Mazengo, na baada ya mazishi hakurudi. Mimi sikwenda. Ulikuwa msimu wa bajeti, na ofisini kwetu msimu huo hata mgonjwa huona aibu kuugua. Nikatuma rambirambi kwa simu, nikaandika kwenye kundi la ukoo: "Poleni sana, tuko pamoja." Nikarudi kwenye kompyuta yangu nikijiona mtu mzima aliyetimiza wajibu. Tangu hapo Priska hakupokea simu zangu. Aliniandikia mara moja tu: "Sijui kama nitarudi." Miaka sita ya ndoa, maneno matatu. Niliogopa, nasema kweli.

Tukiwa tumeinamia mnyororo, akatokea mama mkwe wangu. Alikuwa anatoka mnadani, anavuta mbuzi jike mweusi kwa kamba.

Niligeukia upande mwingine haraka. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawasogeleani, hawatazamani usoni, wala hawasemeshani ana kwa ana. Kwetu pia heshima hiyo ipo, ila siku hizi imelegea, watu wanapanda gari moja na wakwe zao na kula chipsi pamoja. Kwa mama huyu haijalegea hata uzi mmoja. Nikamwamkia huku naitazama pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Lameck," akasema mama, "mwambie marahaba. Mwulize anakwenda wapi."

"Anakwenda kwako, mama."

Mama akamvuta mbuzi wake karibu. Kisha akasema, "Barabara inazunguka mbali. Mwambie nakatiza msituni. Anifuate, hatua ishirini nyuma. Zisipungue."

Lameck alinitazama kwa huruma ya kinafiki akabaki na chuma chake. Nikaingia msituni.

Nimefika kwa wakwe zangu labda mara saba, kila mara kwa gari, vioo juu kwa sababu ya vumbi. Sikujua kama pale kati pana msitu. Ulikuwa mwanzo wa kiangazi, mvua zimekwisha muda si mrefu, miti ya miyombo bado ina majani lakini yameanza kuwa mekundu, na nyasi zimekauka zikanifika kiunoni. Jua lilikuwa limeshuka, upepo wa kipupwe umeanza. Kwale waliruka miguuni mwangu wakipiga kelele, nikashtuka, nikacheka peke yangu. Viatu vyangu vya ofisini viliteleza juu ya majani. Baada ya nusu saa nilitambua kwamba sikuwa nimefikiri habari ya ofisi hata kidogo. Nilikuwa nafurahi. Nikaona aibu, mtu anayekimbiwa na mke hafurahii kwale.

Tatizo lilikuwa moja: hapakuwa na mtu wa katikati. Lameck tumemwacha, na mama hawezi kuzungumza nami. Tulitembea hivyo hivyo mpaka yule mbuzi alipogoma mbele ya kichaka. Mama akasimama, akamwambia kwa sauti ya kunifikia:

"Wewe mbuzi, hebu mwulize huyo aliye nyuma. Siku tunamzika kaka yangu, hiyo 'tuko pamoja' alikuwa nayo wapi?"

Mbuzi alikuwa anatafuna.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie mama nilikuwa ofisini."

"Mwambie kwetu kaburi la mtu mzima huchimbwa na wakwe. Wakwe wa ukoo ni wanne. Yalitolewa majembe manne. Matatu yalifanya kazi, la nne liliegemezwa ukutani mchana kutwa. Kila aliyekuja kutoa pole aliliona. Na mwanangu alikuwa ameketi hapo hapo."

Hilo sikulijua. Priska hakuniambia, na mimi sikuuliza. Nilidhani amekasirikia simu, kumbe ameketi siku nzima mbele za watu karibu na jembe la mumewe.

Tulishuka kwenye korongo. Mchanga wake ulikuwa mkavu juu, lakini kulikuwa na vishimo walivyochimba wanawake, na ndani yake maji safi kabisa. Mbuzi akanywa. Mama akanywa kwa kiganja, akasogea mbali, nami nikaenda kunywa. Sijawahi kunywa maji matamu vile. Ng'ambo, ukingo ulikuwa umebomoka. Mama alijaribu mara mbili, goti likakataa. Mkono singeweza kumpa. Nikaokota fimbo ndefu, nikapanda ukingo pembeni kidogo, nikamnyooshea huku nimegeuza uso kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Alishika ncha yake, nikavuta. Alipofika juu aliachia, akapiga hatua zake ishirini, akasimama kupumua.

"Mbuzi, mwambie ashukuriwe."

Kuanzia hapo sauti yake ililainika. Alianza kumwonyesha mbuzi mizinga ya nyuki, magogo yaliyotundikwa juu ya miti, mmoja pale, mwingine kule. Yote ya Mazengo. Akamsimulia mbuzi jinsi kaka yake alivyokuwa akiipitia jioni kama hizi baada ya kazi za shamba, na binti mdogo nyuma yake amebeba kibuyu, anauliza maswali mpaka mjomba anamsihi anyamaze nyuki wasikasirike. Baba yake Priska alifariki binti ana miaka mitano. Asali ile ndiyo iliyomsomesha mpaka chuo. Mahali fulani mama alisimama chini ya mzinga, akasikiliza.

"Bado wamo," akasema. Sijui alimwambia mbuzi au alisahau.

Nilikutana na Mazengo mara mbili: siku ya posa na siku ya harusi. Siku ya harusi alinishika mkono muda mrefu bila kusema kitu, nami nikawa natafuta mpiga picha kwa macho. Nilikuwa nimempuuza mtu aliyenilelea mke.

Tulitoka msituni jua linazama. Mama akapita nyuma ya nyumba na mbuzi wake. Mimi nikapitia mbele. Priska alikuwa uani anapepeta uwele. Aliniona, akaona viatu vyangu, hakuinuka.

"Umefuata nini, Geofrey?"

Nilikuwa nimemfuata yeye. Kwa ajili hiyo nilipanda basi na pikipiki. Lakini neno lililotoka halikuwa hilo.

"Nimekuja kumlilia mjomba."

"Tumeshazika."

"Najua. Nionyeshe kaburi."

Akaweka ungo chini akatangulia. Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi, udongo bado haujashikana vizuri. Nilipiga magoti nikidhani nitasali, nikalia. Nililia vibaya, kwa kamasi na kwikwi, mbele ya mke wangu, kumlilia mzee ambaye sauti yake siikumbuki. Priska hakunibembeleza. Alingoja mpaka nilipomaliza.

"Wakwe wenzako walilala hapa nje siku tatu," akasema.

"Nitalala."

"Baridi kali."

"Nitalala, Priska."

Akajifunga khanga vizuri, akanipa upindo wake nifute uso.

"Basi lala siku tatu," akasema. "Ya nne tutaondoka wote." Akaenda kutafuta kuni.