Wimbo wa Nne Kwenye Keki

Nzai Kombe ana albamu tatu. Moja ni nzuri kupita kiasi, moja inafaa kusikilizwa ukiwa unapiga deki, na moja hakupaswa kuitoa kabisa. Asiyopaswa kuitoa ni ya pili, "Raha za Pwani". Aliirekodi na kinanda kikubwa, na sauti yake imezama humo kama wali uliomwagiwa mchuzi mpaka hauonekani. Ya tatu, "Maji ya Kisima", ni safi, lakini amekuwa mwangalifu mno. Anaimba kama mtu aliyevaa viatu vipya. Ya kwanza, "Vumbi la Kinango", ndiyo albamu. Gitaa moja, sauti moja, na kwa mbali jogoo ambaye fundi wa studio hakuweza kumnyamazisha.

Niliinunua Ukunda, siku nilizokuwa nimetoka Bungoma na diploma yangu ya hoteli, simjui mtu. Nusu ya nyimbo ni za Kiswahili, nusu za Kiduruma. Kiduruma sikijui. Nilipomzaa Gillian, wimbo wa nne ndio uliomlaza. Neno nililolishika ni "mwanangu" tu, likirudiwarudiwa, na gitaa linalokwenda taratibu kama mtu anayebembeleza. Nikaamua ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Sikumwuliza mtu. Kwa nini niulize jambo ninalolijua?

Kwa hiyo mwezi uliopita, hoteli yetu ya Diani ilipomleta Nzai Kombe kwa majaribio, awe anaimba wageni wanapokunywa chai kando ya bwawa, nilifurahi kama mtoto. Gillian alinicheka asubuhi nzima.

"Mama, umepaka rangi ya mdomo! Kwa ajili ya mzee mwenye kofia!"

"Nyamaza, ule uende shule."

Mimi ni msimamizi wa zamu ya mchana. Chakula, sherehe na burudani ziko chini yangu, na mwanamuziki akija kwa majaribio, mimi ndiye ninayeulizwa kama abaki au aende.

Hoteli zetu zina desturi moja. Mgeni akiwa na siku ya kuzaliwa, keki haiji kimya. Wapishi na wahudumu hupanga mstari kutoka jikoni, mmoja amebeba keki, wengine wanagonga vifuniko vya sufuria, wanazunguka meza zote wakiimba. Wimbo ni uleule kila siku, umenichosha. Jumamosi ile kulikuwa na familia kutoka Nairobi, binti yao anatimiza miaka mitano. Nikasema huyu nitampa kitu bora.

"Mzee Nzai, leo keki utaiongoza wewe. Ule wimbo wa nne wa 'Vumbi la Kinango'."

Alinitazama. "Ule, madam?"

"Ule ule."

"Ule si wa keki."

"Ni wa mtoto, na huyu ni mtoto."

"Nipe mwingine. Wowote mwingine nitaimba."

Nilidhani ni maringo ya wasanii, wanaozionea haya nyimbo zao za zamani. Maringo siyawezi. "Mzee, hapa ni kazini. Uko kwenye majaribio, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Imba."

Akavua kofia, akaimba.

Mtoto alipiga makofi. Mama yake alirekodi kwa simu huku anajifuta machozi ya furaha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nikitabasamu. Lakini vifuniko vilikuwa vinanyamaza kimoja baada ya kingine. Kavumbi, mhudumu wa miaka mingi, aliweka chake juu ya meza ya mgeni, akaondoka. Faith, mpishi wetu wa keki, aliitua keki mbele ya mtoto na kurudi jikoni bila hata kuacha kisu cha kuikatia.

Nilimfuata nikiwa na hasira zangu tayari.

"Nyinyi mna nini? Keki imeachwa pale kama mzigo!"

Faith ni Mduruma wa Samburu, ya huku kwetu Kwale, rafiki yangu, na ulimi wake hauniogopi. "Mama Gillian, ule wimbo unaujua?"

"Kuliko wewe."

"Haya. Unasemaje?"

"Nilimlaza nao Gillian," nikasema.

"Mungu wangu." Alikaa juu ya gunia la unga. "Ule ni wa kilio. Aliutunga alipomzika binti yake. Anamwambia, mwanangu, kaburi nimekuchimbia mwenyewe, udongo ulikuwa mkavu, nisamehe kama unakuumiza. Kwetu mtu akiusikia hata redioni, huacha anachofanya."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kila siku Nzai hivi, Nzai vile! Nilidhani unajua. Nilipoona umemsimamisha pale na keki, nikasema huyu mama ana roho ya chuma."

Meneja wetu, Austine, akaingia na simu mkononi, meno yote nje.

"Madam! Hiyo ngoma imebamba! Yule mama amepost, watu wanauliza ni hoteli gani. Kuanzia kesho kila keki ni hiyo. Kesho si tuna ingine?"

Faith alinitazama. Mimi nikasema, "Sawa, bosi."

Sawa! Mimi ninayejisifu kwamba simung'unyi maneno.

Kesho yake nilimkuta Nzai nyuma ya chumba cha kufulia, mahali wafanyakazi wanaponywea chai. Siku zote zile nilikuwa nikimsalimu kama msimamizi anavyomsalimu kibarua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Sikujua. Wallahi sikujua." Mimi ni Mkristo, lakini ndilo lililotoka.

"Najua hukujua. Ungejua usingetabasamu vile." Alikoroga chai yake. "Ulinunua kaseti ukaisikiliza na hukuuliza?"

"Ilikuwa sidii. Nilimlaza nayo binti yangu. Mpaka akaingia shule."

Aliweka kikombe chini. "Yuko mzima?"

"Mzima. Msumbufu."

"Msumbufu ni vizuri. Wangu hakufika umri wa yule wa jana."

Laiti angenitukana. Nikasimama, nikashika njia yangu ya kawaida, ya kupanga mambo. "Nitamwambia meneja hutauimba tena."

"Nani amekutuma?" Sauti yake ilikuwa kali kwa mara ya kwanza. "Nina wengine wawili shuleni. Akisema niimbe, nitaimba. Si ulinifundisha jana kwamba hapa ni kazini? Jana ulinipangia, leo unanipangia tena."

"Basi unataka nisemeje?"

"Sema yako. Usiseme Nzai amekataa. Nzai hajakataa kitu. Sema wewe ulichukua kitu ukakiweka pasipo pake, na useme ulivyonilazimisha."

Ofisi ya Austine ina feni inayopiga kelele. Nilisema nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningetafuta njia ya kupunguza.

"Madam, wageni hawajui maana," akasema.

"Hata mimi sikujua. Sasa najua, na wewe unajua, na wafanyakazi Waduruma tuliowapa vifuniko wanajua."

"Kwa hivyo jamaa amegoma?"

"Hajagoma. Aliniambia ule si wa keki, nikamtishia kazi yake ndipo akaimba. Kosa ni langu."

Aliacha kucheka. "Kutishia mfanyakazi ni kesi, unajua?"

"Najua."

Alizungusha kiti, akatazama nje, akarudi. "Sawa, huo wimbo tumeuacha. Lakini burudani nampa Quincy wa zamu ya jioni. Wewe baki na chakula."

"Na Nzai? Majaribio yake?"

"Quincy ataamua."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Kauli moja iliyokuwa na uwezo wa kumbakiza ilikuwa yangu, nami nilikuwa nimeiweka juu ya meza ya Austine nikaondoka bila hiyo.

Nzai alikuwa kando ya bwawa akikaza nyuzi za gitaa. Nilisimama mbele yake.

"Nimesema."

"Yako?"

"Yangu. Hutaimba ule tena."

"Na kazi?"

"Sijui, mzee. Haiko mikononi mwangu tena."

Aligusa uzi mmoja, akausikiliza, hakuridhika, akaukaza zaidi.

"Nipishe, madam," akasema. "Wageni wanakuja kunywa chai."

Nikapisha.