Kompaila na Kilo za Mzee Ambindwile
Ikupa aliujua ukweli asubuhi ya mvua, pale Tukuyu, na ukweli wenyewe ulimkata maini.

Kiwanda cha chai kilipobinafsishwa, yeye ndiye aliyeandika programu ya kompyuta ya kutunza kilo za majani ya wakulima. Mkulima akijitoa, safu za waliobaki kwenye orodha zilisogezwa juu kuziba pengo. Maktaba ya kawaida ya lugha ile ya programu, yaani hazina ya amri zilizoandikwa tayari, ilikuwa na amri ya kuhamisha, lakini safu zikipandiana iliziharibu. Ikupa akaandika amri yake, kwa makini, akaipa jina lilelile. Akastarehe.

Kumbe! Kilo za watu wa Kisiba zikaanza kuyeyuka. Aliyelalamika ni Mzee Ambindwile, na jamani, huyo ni baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawatazamani, sembuse kusemezana. Mzee asingeweza kukanyaga ofisi anamokaa mke wa mwanawe. Akamtuma mkewe, Tupokigwe, aliyesalimu kwa Kinyakyusa: "Ndaga, mwanangu. Baba anaomba uangalie tena."

Ikupa akapitia alichoandika. Kilikuwa sahihi.

"Mama, mashine haikosei," akajibu, na shingo yake ngumu hiyo.

Kwa neno hilo meneja wa kiwanda akamwita mzee mwongo mbele ya wakulima wenzake.

Sasa asubuhi ile ya mvua Ikupa akaacha maandishi yake, akachungulia kile kompaila ilichozalisha, maana kompaila ndiyo inayogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine. Amri yake haikuwamo! Kompaila nayo ina vipenzi vyake. Majina fulani ya maktaba inayajua kama mama anavyowajua wanawe. Ikikuta jina hilo haiulizi nani kaandika nini, inapachika yake, ileile inayoharibu safu. Kazi ya Ikupa ilitupwa bila hata onyo. Akabadilisha jina tu, akajaribu. Kilo zikatulia.

Alikimbilia Kisiba, matope hadi magotini. Mzee alipomwona akageuka, akaingia migombani, kama mila inavyotaka. Chai yake yote alikuwa ameing'oa mwenyewe, mizizi juu.

"Mama, mwambie hakukosea! Kosa ni langu!" Ikupa alilia.

Tupokigwe hakuinua uso. "Anajua hakukosea. Juma lililopita alisimama kwenye banda la kupimia majani, akasema ni kweli aliongopa. Nikamuuliza, kwa nini, mume wangu? Akasema, mke wa mwanangu ameshatamka. Mimi nani nimwite mwongo mbele za watu?"