Kinyama Namba 47

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekana mara mbili kwa simu, lakini kompyuta ya Rogathe ilikataa kukana: mwanamke wa kinyama namba 47 yupo, na ana kaka.

Vinyama vyenyewe vilikuwa mia moja kumi na mbili, vidogo kuliko punje ya mtama, vilivyochukuliwa kwenye makoo ya watu wa Hanang ili maabara isome vinasaba na kujua kansa ya koo inaanzaje. Namba 47 ilikuwa na kansa, tena changa, ya kukatwa ikaisha. Lebo ilisema Scolastica Bura, Dirma. Kijijini Dirma walisema hawamjui. Namba ya simu haikupatikana.

"Iondoe," alisema Daktari Idrisa, mkuu wa utafiti. "Zimebaki mia moja kumi na moja."

"Daktari, huyu atakufa, na sisi tunajua."

Rogathe, mchambuzi wa vinasaba wa maabara na binti wa wakulima wa Masieda, hakuzoea kubishana na wakubwa. Siku hiyo shingo ilikuwa ngumu kama ya ndama anayekataa kamba. Alirudi kwenye jedwali, akalinganisha vinasaba vya 47 na vya kila mtu, siku tatu nzima, mpaka macho yakamuuma. Namba 12 akalingana naye kama wanavyolingana watoto wa baba na mama mmoja. Huyo alikuwa Yonas Gidabuday, mfugaji wa Dirma. Idrisa alitazama matokeo, akaguna, akatoa gari.

Rogathe hakumwambia Yonas kilichomleta. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Alimwuliza tu kama ana dada.

"Mama Alex? Yuko ng'ambo ya korongo."

"Jina lake la ubatizo?"

"Skola nini sijui. Alibatizwa ukubwani, hakuna anayemwita hivyo."

Yonas alimvusha Rogathe korongo, wakamkuta Mama Alex akikamua ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Rogathe alimvuta kando, akamwuliza jina Bura limetoka wapi. Mama Alex akacheka kwa aibu.

"Karani alitaka jina la ukoo wa mume wangu. Si ndilo jina la baba mkwe? Sisi Wadatoga mke halitamki. Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na mzee anaitwa Bura, basi nikalichukua lake."

Rogathe alipandwa na hasira, si kwa mama huyo. Fomu ile aliitunga yeye mwenyewe, Mwiraqw aliyekua jirani na Wadatoga, na hilo halikumjia kichwani hata mara moja.

Akamweleza habari yote bila kuzunguka. Mama Alex alikaa chini kwanza.

"Inatoka?"

"Ikikatwa mapema, nafasi ni kubwa. Lakini fomu hii ya hospitali inataka jina lako halisi, pamoja na la ukoo wa mume wako. Likikosewa, utapotea tena. Nimwite Yonas alitaje?"

"Hapana. Yonas hajui kama naumwa. Lete hiyo karatasi."

Alifuta mikono kwenye khanga, akashika kalamu. Akabana midomo na kuandika, herufi moja moja, jina ambalo kwa miaka kumi na tisa ya ndoa halijapita kinywani mwake. Hakuruka hata herufi.

"Mwiko ni wa mdomo," alisema, akimrudishia kalamu. "Gari lenu lina nafasi?"