Kilo Kumi na Mbili

Daktari hakupindisha maneno. "Figo yako inamfaa kaka yako, lakini kwa uzito huu siwezi kukupasua. Punguza kilo kumi na mbili, urudi baada ya miezi mitatu."

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa nimekalia kiti, kinachofanya mazoezi ni mguu wa kukanyagia tu. Kaka ananiita Bonge tangu utotoni, na siku hiyo, akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, alicheka mpaka akakohoa. "Uhai wangu uko mikononi mwa Bonge! Basi nimekwisha."

Nilikasirika, na hasira ndiyo iliyoninyanyua. Kila alfajiri nikawa natembea hadi kazini. Duka letu liko ghorofa ya nne, nami nilizipanda ngazi zile mara tatu kabla ya kufungua mlango. Wiki ya kwanza magoti yaligoma. Wiki ya pili nililia pale pale kwenye ngazi, kwa sauti. Mwezi wa tatu nilipanda mara nane bila kushika ukuta.

Mizani sina. Nina futi ya kupimia nguo, na kwa miaka ishirini nimeiamini kuliko maneno ya wateja. Kiuno kilitoka inchi arobaini na sita hadi arobaini. Magauni yote nikayabana kwa furaha. Chakula sikukigusa, yaani sikukipunguza: ngazi zinaleta njaa, na mtu aliyetoka jasho hujihurumia mbele ya sahani.

Siku ya kupimwa niliingia kifua mbele. Zilikuwa zimepungua kilo saba.

"Mizani yenu mbovu," nikamwambia muuguzi.

Akanipima kwa nyingine. Saba.

Daktari hakunicheka. "Presha imeshuka, moyo umepata nguvu. Mazoezi yamekusaidia sana, mama. Umepoteza mafuta, umejenga misuli, ndiyo maana futi imekusifu kuliko mizani. Zimebaki tano, na hizo ziko kwenye sahani. Nakupa wiki sita."

Wodini nilimkuta kaka amekaa ukingoni mwa kitanda, suruali ameishikilia kwa mkono. "Bonge, nibanie hii. Inanivuka mbele ya wauguzi."

Nikamzungushia futi. Miaka yote nimemshonea thelathini na sita. Ilisoma ishirini na tisa. Mimi inchi sita, kwa jasho lote lile. Yeye saba, amelala tu. Niliogopa.

"Wamesemaje?" akauliza.

Uongo ulikuwa mdomoni tayari. Nikaumeza. "Bado kilo tano, kaka. Nisamehe. Nilijipima kwa futi."

Akajifunga shuka, akavua suruali, akanikabidhi.

"Usikate kitambaa, mdogo wangu," akasema. "Kikunje kwa ndani tu. Nitakihitaji nikinenepa."