Mwandiko Nyuma ya Meza

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, saa nne na robo asubuhi, mpishi akiwa na unga hadi viwikoni. Wapiga filamu walikuwa wameuteka mkahawa wa Kiitaliano tangu alfajiri, naye alijua hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Kwenye ukuta wa ndani, marehemu mkewe, aliyekuwa mhudumu pale, alikuwa ameandika kwa brashi vyakula vyote: tambi za nyanya, tambi za uyoga, piza ya jibini. Herufi za samawati zilizoegemeana kama watu waliochoka kucheka. Alhamisi ukuta ungebomolewa. Bosi alitaka vioo. Hakumuuliza mtu. Wakubwa huuliza wakishabomoa. Lakini mwongozaji wa filamu aliahidi kuweka meza mbele ya ukuta huo, mpishi akajisemea, basi, mama watoto atabaki kwenye picha.

Filamu yenyewe ni ya ukoo unaogombana na kutaniana mezani, wahudumu wakiigiza kazi yao wenyewe. Mwongozaji aliwaonya wasiguse chochote mpaka aseme basi. Sasa Upepo, mhudumu na shemeji yake mpishi, miaka ishirini na miwili hajaiacha sahani tupu mbele ya mtu. Dada yake, huyo huyo marehemu, ndiye aliyemfunza kazi: mgeni asikodolee macho mabaki yake. Mwigizaji alipolaza uma tu, mkono wa Upepo ukapita, sahani ikaenda. Wakaanza upya. Mpishi akachemsha tambi nyingine. Mara ya pili Upepo alijizuia kidogo, akabeba. Mwigizaji aliyekuwa babu wa ukoo akaikumbatia sahani yake kama mwana, wakaangua kicheko. Kufikia mara ya saba hakuna aliyecheka.

Mpishi akamwita Upepo kwenye kidirisha cha jikoni.

"Shemeji, funga mikono mgongoni."

"Nimeifunga. Inajifungua."

"Dada yako yuko ukutani pale, anakutegemea wewe."

"Ndiye anayeniambia niondoe, shemeji."

Mpishi akafunua sufuria ya tambi. Mvuke ulipanda kutoka sufuriani, na nyuma yake herufi zikaanza kuyumba, zikashuka ukutani taratibu. Akamwona mkewe akipita katikati ya meza, aproni kiunoni, akiokota sahani moja moja bila mlio, na waigizaji wakimpisha bila kujua wanampisha nani.

Mara ya nane na ya tisa zikaharibika vile vile, na saa saba jua likauhama ukuta. Mpishi akatoka na unga wake kuomba wasubiri hadi kesho. Mwongozaji akamtazama bosi, bosi akatazama saa yake. Meza ikageuzwa kuelekea mlangoni, Upepo akapelekwa kukaa stoo, na ukuta ukabaki nyuma ya kamera. Wakamaliza kwa mara moja.

Alhamisi mafundi walikuja na nyundo.

Filamu haijatoka. Mpishi alimuuliza bosi, bosi akamtuma kwa mwongozaji; mwongozaji akasema hayo ni ya mhariri, na simu ya mhariri huita tu. Hata hivyo mpishi hupiga kila Jumanne, maana swali lake ni dogo: katika zile mara tisa zilizoharibika, kuna hata moja waliyoihifadhi, ukuta ukiwa nyuma na mkono wa Upepo ukipita mbele yake?